Taa ya ABS haizimi kwenye Premio, nasomaje kosa bila mashine?

Mama_Premio: Wakuu habari za mchana. Nina Toyota Premio ya 2004, juzijuzi nimebadilishiwa beringi ya mbele kushoto na tangu siku hiyo taa ya ABS (ule mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki) imewaka moja kwa moja, ila breki zinashika kama kawaida. Nimechomeka kile kidude cha bluetooth cha kusomea makosa, ELM327, kinasoma injini tu, kinasema hakuna kosa. Fundi anasema nimpelekee aifute tu. Naweza kusoma mwenyewe? Na ikifutwa haitarudi?

Sensa_Kulia: Dada usikubali afute kabla haijasomwa, ile namba ya kosa iliyohifadhiwa ndiyo shahidi pekee uliye naye, ikifutwa mnaanza kubahatisha na kununua sensa za mwendo wa tairi ambazo hazijafa. Vile vidude vya bei rahisi vingi haviingii kwenye kompyuta ya ABS kabisa.

Zima gari. Ile soketi ya pini 16 uliyochomeka kidude chako, itazame upande mpana ukiwa juu, safu ya juu ni 1 hadi 8 kuanzia kushoto, ya chini 9 hadi 16. Unganisha 4 na 13 kwa kipande cha waya mwembamba. 16, ile ya mwisho chini kulia, ina moto wa betri muda wote, waya wako usiiguse hata kwa bahati mbaya, nakuomba sana. Halafu weka swichi ON bila kupiga starti. Taa ya injini na ya airbag nazo zitablinki, usishtuke, wewe kaza macho kwenye ya ABS. Ikiblinki harakaharaka bila kupumzika hakuna kosa lililohifadhiwa. Likiwepo inablinki tarakimu ya kwanza, inatulia kama sekunde moja na nusu, inablinki ya pili. 31 ni sensa ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. 41 ni umeme wa betri. Andika kwenye karatasi, iache irudie upate uhakika.

Kijana wa Tanga: Naongezea, ikiwa ni ya ABS peke yake breki zipo, ila ukikanyaga ghafla kwenye mvua tairi zinaweza kujifunga, endesha taratibu. Ikiwaka pamoja na ile nyekundu ya breki na handibreki umeshusha, usiondoke nalo, angalia mafuta ya breki kwanza.

Mama_Premio: Asanteni sana! Imeblinki tatu, ikatulia, ikablinki mbili, inarudia hivyohivyo. Kwa hiyo ninunue sensa ya kushoto?

Sensa_Kulia: Usinunue bado. 32 inasema upande ule taarifa haifiki, haisemi sensa imekufa, na ndiko beringi ilikobadilishwa. Inua gari, toa tairi, fuata waya wa sensa kuanzia kwenye habu mpaka soketi yake. Mara nyingi umevutwa wakati habu inagongwa, au haukurudishwa kwenye klipu zake ukawa unasuguana na tairi ukikata kona. Chomoa sensa uangalie ncha yake, ina sumaku, inakusanya vumbi la chuma, ifute kwa kitambaa. Meno ya ringi inayozunguka mbele ya sensa yazungushe yote uone kama kuna lililopigwa nyundo. Ukiwa na multimita pima omu (ukinzani) za sensa ya kushoto na ya kulia, zinatakiwa zikaribiane, kushoto isiposoma kitu kabisa basi waya umekatika au sensa kweli imekwisha.

Ukishatengeneza ndipo ufute: gari limesimama, 4 na 13 zimeunganishwa, swichi ON, kanyaga pedali ya breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5. Taa itaanza kublinki haraka mfululizo. Zima, toa waya, washa tena, taa iwake kidogo izime. Ikirudi papo hapo kabla hujatembea rudi kwenye waya, ikirudi ukishaondoka angalia meno na jinsi sensa ilivyokaa. Tuletee majibu.