Msaada: mdogo wangu alianguka na ndege ya kale Marekani, watu wa bima wanataka asaini haraka

KakaMkubwa77:
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Marekani au mnaozijua sheria za kule.

Mdogo wangu yuko huko mwaka wa kumi na moja sasa. Alipofikisha miaka arobaini mkewe akamnunulia tiketi ya kupanda ndege ya Vita ya Pili ya Dunia, zile ambazo taasisi fulani inazitunza na kuzitembeza mji kwa mji. Unalipa, unazungushwa angani nusu saa, unashuka. Wao hawakuzunguka. Injini moja ilikata muda mfupi baada ya kuruka, rubani akajaribu kurudi, wakaangukia pembeni ya uwanja. Rubani alifariki pamoja na abiria wawili. Mdogo wangu alitoka na mgongo uliovunjika na mikono imeungua hadi viwikoni. Huu ni mwezi wa saba, kijiko bado anashikiwa.

Wiki jana mtu wa bima ya wenye ndege kampigia shemeji. Sauti ya upole kabisa. Watalipa bili zote za hospitali na kitu kidogo juu yake, mradi wasaini hati ya kumaliza madai yote kabla ya mwisho wa mwezi. Akakumbushia kwamba siku ile mdogo wangu alisaini karatasi ya kukubali hatari. Ni kweli. Alinitumia picha anacheka, karatasi kaiweka pajani, kalamu mkononi, na nyuma yake fundi yuko juu ya ngazi, kifuniko cha injini kiko wazi.

Shemeji kachoka, anataka wasaini. Mimi roho inakataa ila hoja sina.

MzeeWaBusati:
Poleni sana. Lakini tuambiane ukweli, mtu mzima na akili zake anapanda ndege yenye umri wa babu yake, anasaini mwenyewe, halafu amlaumu nani?

NatiNaBolti:
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo sikubaliani nawe. Alikubali uzee wa ndege, hakukubali injini mbovu.

Soma ajali ya B-17, ndege ya vita ya enzi hizo yenye injini nne, iliyoitwa Nine-O-Nine, Connecticut, tarehe 2 Oktoba 2019. Ndani walikuwa watu 13, wakafa 7. Asubuhi ile injini namba 4 iliwasumbua kuwasha, wakahangaika nayo, kisha wakaruka. NTSB, wachunguzi wa ajali wa serikali ya Marekani, walipoifungua walikuta magneto zake zote mbili, vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche za injini, zina kasoro. Plagi za injini namba 3 nazo zilikuwa chafu. Ripoti ya 2021 ilimtaja rubani kwa namna alivyoiendesha ndege baada ya kuzima injini, na ikataja matengenezo duni, ambayo msimamizi wake alikuwa rubani huyohuyo! Taasisi yenye ndege nayo ikatajwa kwa mfumo wa usalama usiofanya kazi, na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa kutousimamia vizuri. Kibali cha kubeba abiria walikuwa wameshanyang'anywa Machi 2020.

Mleta uzi, kwenye hiyo picha fundi yuko injini ya upande gani?

HakimuWaKijiweni:
Nimefanya kazi ofisi ya mawakili huko miaka kadhaa. Mimi si wakili, chukua haya kama mwanga tu.

Kwanza, asisaini. Akishasaini hati ya kumaliza madai, hata ripoti ya uchunguzi ikitoka na kusema injini ilifungwa kwa kamba ya viatu, hana pa kurudi.

Ile karatasi ya kwanza isimtishe sana. Majimbo mengi hayaruhusu iwakinge wenye ndege na uzembe uliokithiri. Virginia haiitambui kabisa kwa madai ya kuumia mwili. Connecticut mahakama yao ya juu ilikataa mwaka 2005 karatasi kama hiyo, mtu kaumia akiteleza kwenye theluji na boya. Kwa hiyo swali ni ajali ilitokea jimbo gani.

Kinachonitisha mimi ni muda. Majimbo mengi ukomo wa kufungua kesi ni miaka miwili au mitatu, Kentucky na Tennessee ni mwaka mmoja tu, na nyie mmeshakula miezi saba. Msisubiri ripoti. Ya Nine-O-Nine ilichukua mwaka na nusu. Halafu sheria ya Marekani inakataza hitimisho la NTSB kuhusu chanzo cha ajali lisitumike kama ushahidi wa madai ya fidia. Matokeo ya uchunguzi yenyewe, vipimo na hali ya vipuri, yanaweza kutumika, ila wakili wenu lazima awe na mtaalamu wake wa kuyasimamia.

Tunu_wa_Bara:
Si wamshitaki aliyeitengeneza ndege? Makampuni yale yana hela.

HakimuWaKijiweni:
Dada, mlango huo kwa ndege nyingi ndogo umefungwa. Kuna sheria ya 1994, ndege ya chini ya viti 20 isiyofanya safari za ratiba, ikipita miaka 18 mtengenezaji hashitakiwi. Kipuri kilichobadilishwa karibuni ndicho kina hesabu yake mpya. Anayedaiwa ni mwenye ndege, karakana iliyoihudumia na mirathi ya rubani. Wakitaka kuidai FAA, madai yapelekwe kwanza FAA kwenyewe ndani ya miaka miwili, na kuishinda serikali ni kazi.

Dalali_Mtiifu:
Njoo inboksi nina wakili wa bei poa.

HakimuWaKijiweni:
Usiende. Wakili wa kesi hizi haombi hela mbele, anachukua asilimia mkishinda, mara nyingi theluthi. Tafuteni mwenye leseni jimbo la ajali na aliyewahi kushika kesi za ndege. Aanze na barua ya kuwataka wenye ndege wasiguse mabaki wala daftari la matengenezo. Picha ibaki kwenye simu iliyoipiga, msiikate wala kuipamba. Ikipita WhatsApp inapoteza kumbukumbu ya saa na mahali.

KakaMkubwa77:
Asanteni sana. Nimeongea na shemeji, hasaini, Jumatatu wanaonana na wakili. Picha kaipiga yeye, bado iko kwenye simu yake, inaonyesha dakika kumi na nne kabla ya kuruka.

@NatiNaBolti, nimemuuliza mdogo wangu. Fundi yuko injini ya kulia. Iliyokata ni ya kulia.

HakimuWaKijiweni:
Mkuu, ishia hapo. Mawakili wao nao wanasoma. Yaliyobaki mwambieni wakili wenu.