Umezunguka nchi ya watu na begi mgongoni: siku ya mwisho ulibaki na nini? Tupeane uzoefu

Msafiri wa Igoma:
Habari za jioni wadau. Jana asubuhi nimeshuka bandarini hapa Mwanza na MV Victoria kutoka Bukoba, baada ya siku 19 Uganda. Mpaka wa Mutukula nilivuka kwa miguu, nikapanda daladala zao (wenyewe wanaziita teksi) hadi Masaka, Kampala na Jinja, halafu nikarudi kuelekea visiwa vya Ssese.

Jinja nilikaa ukingoni mpaka jua likazama. Pale ndipo maji ya Ziwa Victoria yanatoka kuwa mto Nile. Maji haya haya tunayochota huku.

Ila kilichonishika zaidi ni Luku, huko Ssese, unaposhuka kwenye kivuko cha kutoka Bukakata. Mama mmoja alikuwa anaanika dagaa juu ya wavu mkuukuu, anawageuza kwa mkono, taratibu, anachambua vijiwe kimoja kimoja. Wao wanawaita mukene. Sangara ni mputa, sato ni ngege. Akaniuliza kwetu wapi, nikanyoosha kidole kusini, juu ya maji. Akatazama huko kwa muda, akachota dagaa wachache akaniwekea kiganjani. Ladha ile ile ya soko letu la samaki la Mwaloni, jamani. Nilipata uchungu kidogo, maana nimekua nikisema "ziwa letu" huku upande wa pili siujui kabisa. Wao wanaliita Nalubaale.

Usiku wa kurudi sikulala. Tumepita Kemondo, upepo wa baridi, nimekaa nje nimekumbatia begi. Nilikuwa nafikiria neno moja la Kiganda, *kulika*. Sisi mtu akifika tunampa pole na safari, wao wanampongeza kwa kufika salama. Nilipouona mwamba wa Bismarck pale majini Mwanza nikajiambia mwenyewe, kulika.

Karibuni na yenu. Nchi yoyote, ila mseme mwisho wa safari ulikuwaje.

Binti Nyakato:
Kulika kaka! Mimi Rwanda, kupitia Rusumo, wiki mbili. Kule magari yanapita kulia, na bodaboda inabeba abiria mmoja tu, naye anavaa kofia ngumu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilinikuta kwenye umuganda, ile kazi yao ya pamoja ya kijamii, nikapewa jembe nikalima mtaro na watu nisiowajua, tukaagana kama ndugu. Nimerudi Nyegezi stendi, nataka kuvuka barabara, natazama upande usio wake! Kondakta akanivuta mkono. Mungu ambariki popote alipo.

Mzee wa Kirumba:
Nimesoma hapa nikaweka simu chini kwanza.

Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Mwaka uliofuata mimi na rafiki yangu tukapita Sirari tukaenda Kisumu, vijana, kila mtu na mfuko wake wa turubai. Dagaa kule ni omena. Tulilala kwa wavuvi, hakuna aliyetudai hata senti. Fedha zilituishia tukiwa njiani kurudi, mfanyabiashara mmoja wa samaki akatupandisha juu ya magunia mpaka Musoma. Siku ile ya mwisho tulikuwa na kikombe kimoja cha bati, tukinywea chai kwa zamu, tunapanga safari ya Uganda.

Hatukuwahi kwenda. Yeye alikuwemo kwenye MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Kwa hiyo kijana, uliposema umekaa nje ya meli usiku kucha ukaja kuuona mwamba asubuhi, nimeshukuru sana. Kikombe alikuwa amekisahau kwangu.

Msafiri wa Igoma:
Shikamoo mzee. Pole sana, sikujua nagusa wapi. Kikombe bado unacho?

Mzee wa Kirumba:
Marahaba mwanangu. Ninacho. Rangi imebanduka mdomoni, lakini chai ya asubuhi nanywea hicho. Nikipata nafuu ya magoti, nitakiweka begini twende Jinja. Nauli ya kutoka Masaka ni kiasi gani?