Bia ya Oktoberfest: ya rangi ya shaba au ya njano, ipi ndiyo yenyewe?

Mlimbo: Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Ohio, Marekani. Ikifika Septemba huku kila kiwanda kidogo cha bia kinatoa Märzen yake, bia ya rangi ya shaba ya mtindo wa Kijerumani, kwa ajili ya Oktoberfest, lile tamasha la bia la Munich, Ujerumani. Mimi nimezoea bia za nyumbani, Kilimanjaro na Safari, hii ya kimea kizito nimeipenda sana, ila ya hapa mtaani ina utamu wa sukari iliyoungua unaoganda mdomoni. Jamaa aliyeishi Munich ananiambia hiyo siyo kabisa, ya kwao ni ya njano. Jumamosi nimealikwa kuonja za viwanda mbalimbali na nitaulizwa maoni. Nitafute nini humo?

BabaKimea: Mkuu, zote ni halali, na ya shaba ndiyo ya zamani kuliko hiyo ya njano. Bavaria, jimbo la Munich, walipiga marufuku kupika bia miezi ya joto tangu 1553, kuanzia 23 Aprili hadi 29 Septemba. Kwa hiyo Machi walipika ya akiba, yenye nguvu kidogo, wakaihifadhi kwenye mahandaki ya baridi. Hiyo ya shaba iliingia Oktoberfest mwaka 1872. Ya njano ni mambo ya miaka ya 1970, Paulaner, kiwanda cha bia cha Munich, walipotaka bia nyepesi ambayo mtu anamaliza lita moja na kuagiza nyingine. Leo mahema ya Munich yanamimina hiyo, yenye kilevi cha asilimia 6 hivi. Jamaa yako anasema alichokiona.

Mama_Marangu: Kaka yangu, kwanza usinywe ya baridi kali, ulimi unakufa ganzi. Iache ifike nyuzi 8 hadi 10. Nusa kabla ya kumeza. Unatafuta harufu ya ganda la mkate uliookwa vizuri, ambayo hutoka kwenye kimea chenyewe. Sisi tuliokulia nyumba za mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hatuhitaji kufundishwa hilo. Ukimeza, utamu uje mbele kisha ukauke, hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zikisikika kwa mbali. Hiyo sukari iliyoungua inayoganda? Hapo mpishi kazidisha kimea cha karameli. Ukisikia siagi, bia imeharakishwa: hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi yake. Hizi zote mbili ni laga, na laga ni bia ya wiki nyingi kwenye ubaridi, na asiye na subira apike kitu kingine.

Mlimbo: Shukrani sana dada. Nianze na ipi?

Mama_Marangu: Ya njano kwanza, ya shaba baadaye, maana ukitangulia na nzito, nyepesi utaiona maji. Katikati kunywa maji na utafune mkate mkavu. Na ile ya mtaani kwako iweke kwenye foleni bila kujua glasi yake ni ipi, uihukumu kwa haki.

BabaKimea: Naunga mkono. Na gari liache nyumbani, mkuu.