Mwinamo na ugumu wa pedali kwenye gurudumu la umeme: nianze na kipi?

Mkazi wa Pantin aliuliza:

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu nyote. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu na magurudumu ya umeme, yaani yale ya kusimamia mguu huku na mguu huku, yasiyo na usukani wala kiti. Nimenunua moja lililokwisha kutumiwa na mtu mwingine, lenye tairi ya inchi 16 na betri ya volti 84, lisilo na springi, nami hulitumia kwenda kazini kutoka Pantin hadi katikati ya Paris kwa njia ya baiskeli inayofuata mfereji wa Ourcq. Kuendesha kwenyewe ninakumudu. Kinachonisumbua ni pedali.

Kwanza, hata ninapokwenda mwendo wa kawaida kwenye lami tambarare, ninahisi pedali zimeinamia mbele, kiasi kwamba nyayo zinateleza ndani ya viatu na vidole vinakakamaa kabla sijafika. Pili, nikikata kona ya kushoto pedali hushuka mbele kidogo, na nikikata ya kulia huinuka, kisha hurudi mahali pake njia inaponyooka. Tatu, kwenye barabara za mawe ya kupanga miguu hutetemeka mpaka magoti yanachoka. Katika programu ya simu nimekuta vipimo viwili, kimoja cha mwinamo kwa digrii na kingine cha ugumu kwa asilimia, na aliyeniuzia alikuwa ameweka ugumu kwenye asilimia 100. Rafiki mmoja ananiambia niushushe hadi chini kabisa na matatizo yote yatakwisha. Mwingine anasema pedali laini ni hatari kwa mtu wa uzito wangu, kilo 88. Nianze na kipi, na nisiguse kipi? Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Liège alijibu:

Ndugu, umeeleza vizuri, na habari ya kona ndiyo inayonionyesha pa kuanzia. Kwa sasa usiguse mwinamo wala ugumu. Gurudumu lako linahitaji kusawazishwa upya, kwa maana ya kuonyeshwa tena wima wake uko wapi.

Ndani ya kasha, kwenye bodi ya udhibiti, kuna vihisi viwili vinavyofanya kazi pamoja: jairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka kwa kasha, na kihisi kingine kinachopima mvuto wa dunia ili kujua chini ni wapi. Kutokana na vipimo hivyo bodi hukadiria pembe ya pedali mara nyingi sana kwa sekunde, kisha huiamuru mota isukume mbele au nyuma ili pembe hiyo ibaki ile iliyowekwa. Tambua kwamba kazi hii hufanyika mbele na nyuma tu. Kushoto na kulia ni wewe mwenyewe unayejisawazisha. Hata hivyo, bodi inahitaji kujua kasha limelalia upande gani, kwa sababu unapokata kona gurudumu hulala na kuzunguka kwa wakati mmoja, na sehemu ya mzunguko huo huonekana kwa jairoskopu kana kwamba pedali zinainama. Bodi yenye wima sahihi huitoa sehemu hiyo kwenye hesabu. Ikiwa wakati wa kusawazishwa gurudumu lilikuwa limeegemea ubavu, hesabu hupotoka, na kosa hugeuka kufuata upande wa kona: upande mmoja pedali hushuka, upande wa pili huinuka. Ni dalili yako hasa. Hakuna kiasi cha ugumu wala cha mwinamo kitakachoiondoa.

Tafuta sakafu iliyo sawa kweli, na usiiamini kwa macho. Chukua pimamaji, kile kifaa cha waashi chenye kiputo, ukipime juu ya sakafu kwanza. Kisha simamisha gurudumu, fungua pedali, uweke pimamaji juu ya pedali kwa urefu wa unyayo, halafu upime kasha lenyewe ubavuni ili lisimame wima bila kulalia upande wowote. Usitumie pedali kupimia wima wa ubavu, maana pedali nyingi zimetengenezwa zikiwa zimeinuka kidogo upande wa nje, na bawaba zake zikichakaa hulegea na kushuka. Ukiwa umelishika hivyo bila kutikisika, anzisha usawazishaji katika programu na usubiri mlio au ujumbe wa kumaliza. Mara nyingi mota huacha kulishikilia gurudumu wakati huo, kwa hiyo usiliachilie, na bila shaka usilipande. Magurudumu mengi hutaka kuzimwa na kuwashwa tena kabla ya kuanza kutumia kipimo kipya. Hatua hutofautiana kati ya watengenezaji, basi soma mwongozo wa gurudumu lako kabla ya kubonyeza chochote.

Ukimaliza, jaribu mahali patupu, kwa mwendo wa kutembea, ukiwa na helmeti na vikinga vya viganja, kwa kukata kona pana kushoto na kulia. Inawezekana sana kwamba hata ile hali ya kuinamia mbele itakuwa imekwisha, kwa kuwa pedali zilizosawazishwa zikiwa zimeinama hubaki na mwinamo huo hata kama programu inaonyesha digrii 0.

Dada wa Ménilmontant alijibu:

Ninakubaliana na kaka Fundi kuhusu usawazishaji. Ningependa kuongeza juu ya mwinamo, kwa sababu wengi huuchukulia kama njia ya kuongeza nguvu, na sivyo ulivyo. Kuinamisha pedali mbele hakulifanyi gurudumu lichomoke kwa kasi zaidi. Kinacholisukuma ni uzito wako kuvuka mbele ya ekseli, na mota ikilazimika kukufuata ili usianguke. Mwinamo hubadilisha pembe ya kifundo cha mguu tu, yaani jinsi unavyosimama unapofanya hivyo.

Mimi huweka mbele juu kwa digrii 1, na katika majira ambayo ninavaa buti zenye kisigino kirefu huongeza nusu digrii. Faida yake naiona ninapofunga breki ghafla: vidole vinapata kitu cha kukanyagia na unyayo hautelezi kwenda mbele. Ukizidisha, misuli ya shavu la mguu huvutwa muda wote, na kwenye safari ndefu utaumia kama ulivyoumia vidole. Kuna hasara nyingine isiyotajwa mara kwa mara. Magurudumu mengi humwonya mpandaji aliyekaribia mwendo wa juu, au ambaye betri yake inakwisha, kwa kuinua pedali upande wa mbele ili kumrudisha nyuma. Mtu aliyezoea kusimama juu ya pedali zilizoinuka sana anaweza kuchelewa kulihisi onyo hilo, na hapo kila sekunde ina thamani.

Kwa kuwa ninaishi juu ya mlima, nikueleze na hili. Pedali hazifuati mteremko wa barabara. Hubaki sawa kwa kufuata mvuto wa dunia. Ukipanda, lami huikaribia ncha ya mbele ya pedali, na ukishuka huikaribia ncha ya nyuma. Kwa hiyo aliyeinua pedali mbele hupata nafasi zaidi anapopanda na kuipoteza anaposhuka, jambo linaloonekana hasa kwenye magurudumu madogo kama lako, ambayo pedali zake ziko chini.

Kabla ya kubadilisha digrii, angalia pia unaweka wapi nyayo. Mguu ukiwa mbele mno juu ya pedali, kusukuma huwa rahisi na breki huwa nzito. Ukiwa nyuma mno, ni kinyume chake. Kusogeza mguu kwa sentimita 1 huleta tofauti ambayo wengi huitafuta kwenye simu.

Kuhusu ugumu, mimi naupenda ulaini. Kwenye mawe ya kupanga pedali laini huyumba kidogo pamoja na barabara, na magoti hupumzika.

Fundi wa Liège alijibu:

Dada, kwa habari ya mwinamo sina la kupinga. Kuhusu ugumu nina wasiwasi na neno lako, kwa sababu mpandaji mwepesi na mpandaji wa kilo 88 hawapati kitu kilekile kutoka kwenye kipimo kilekile.

Ugumu ni kiasi cha nguvu ambacho bodi huitoa kwa kila digrii ambayo pedali zimetoka mahali pake. Kwenye ugumu wa juu, pedali zikiinama kidogo tu mota hujibu kwa nguvu, nawe huhisi umesimama sakafuni. Kwenye ulaini, zinaachwa ziiname digrii kadhaa kabla mota haijasukuma kwa nguvu ileile. Sasa fikiria mtu mzito anayefunga breki kwa dharura: anabonyeza visigino, pedali zinazama nyuma, na anapoteza muda na umbali kabla breki haijashika sawasawa. Zikizama sana anaposhuka mlima, ncha ya nyuma inaweza kugusa lami. Mtu mwepesi hafiki huko, kwa sababu uzito wake hauzami kiasi hicho.

Kwa upande mwingine, asilimia 100 si lazima, na sioni sababu ya kuivumilia barabarani mwenu. Ulaini kiasi hupunguza mishtuko, kwani tairi inapogonga jiwe mota hailazimiki kupambana papo hapo ili pedali zisisogee hata kidogo. Kwa uzito wako ningeanzia asilimia 70, nikashuka kwa hatua za asilimia 5, na kila hatua nikajaribu breki kali mahali patupu kabla ya kwenda nayo barabarani. Pale ambapo visigino vinaanza kuzama kwa namna inayokushtua, rudi hatua moja juu na ubaki hapo. Walio na magurudumu ya kampuni ya Begode hawana asilimia bali ngazi tatu, ngumu, ya wastani na laini. Kwa mtu wa uzito wako ya wastani ndiyo ya kujaribu kwanza. Asilimia za mtengenezaji mmoja hazilingani na za mwingine, basi usinakili namba ya mtu mwenye gurudumu tofauti.

Msomaji wa Volti alijibu:

Naomba niweke jambo moja ambalo lisipotajwa mjadala huu unaweza kumpotosha mgeni. Kipimo chochote kati ya hivi hakiongezi hata chembe ya uwezo wa mota. Pedali ngumu humfanya mtu ajione salama kwa sababu hazitikisiki mpaka mwisho kabisa, na mwisho wenyewe ukifika, yaani mota ikiwa haina nguvu ya ziada ya kukuzuia, pedali huanguka mbele na mpandaji naye huenda kifudifudi. Wapo wanaosema pedali laini hutoa taarifa mapema. Ni kweli kwamba utahisi zikizama unapoegemea sana, lakini huzama hata pale ambapo nguvu bado ipo tele, kwa hiyo kuzama huko si kipimo cha nguvu iliyobaki.

Kinachopima nguvu iliyobaki ni betri na mwendo. Betri ya volti 84 ni seli 20 zilizopangwa mfululizo, kila moja volti 4.2 ikijaa. Seli zikishuka hadi volti 3.5 jumla huwa volti 70, na mwendo wa juu ambao mota inaweza kuufikia hushuka kwa uwiano huohuo, huku unapopanda mlima au kuongeza mwendo kwa ghafla volti zikishuka zaidi kwa muda. Kwa hiyo weka milio ya tahadhari ya mwendo ianze kulia kwenye mwendo wa chini kuliko ilivyotoka kiwandani, usiizime kwa sababu inakukera, na betri ikifika chini punguza mwendo mwenyewe bila kungoja pedali ziinuke. Nchini Ufaransa sheria inataka usizidi kilomita 25 kwa saa, na kwa gurudumu kama lako mwendo huo unaacha nafasi ya kutosha ya nguvu kwenye tambarare.

Mkazi wa Pantin alijibu:

Ninawashukuru sana kaka, dada na ndugu yangu wa volti. Nimesawazisha gurudumu kwa pimamaji kama nilivyoelekezwa, na ilionekana wazi kwamba programu ilikuwa ikisema digrii 0 wakati kiputo kilikuwa kimekimbilia nyuma ya pedali. Kona za kushoto na kulia sasa zinafanana. Mwinamo nimeuweka mbele juu kwa digrii 1, nikarudisha nyayo nyuma kidogo, na vidole havikakamai tena. Ugumu nimeushusha kwa hatua hadi asilimia 60. Kwenye 55 visigino vilizama nilipofunga breki kwa nguvu, nami nikarudi.

Bado mawe ya kupanga yananitikisa kuliko nilivyotarajia. Je, nipunguze upepo wa tairi? Nimeujaza bar 2.5 ndani ya nyumba.

Fundi wa Liège alijibu:

Punguza, lakini kwa hatua ndogo za bar 0.1, na usishuke chini ya kiwango cha chini kilichotajwa katika mwongozo. Tairi laini hupunguza mtikisiko vizuri kuliko ugumu wa pedali unavyoweza, ila ikizidi ulaini gurudumu huwa zito kugeuka, na ukigonga ukingo wa jiwe rimu inaweza kupata pigo. Kumbuka pia kwamba umepima ndani ya nyumba. Bar 2.5 kwenye nyuzi joto 20 hushuka hadi karibu bar 2.25 hewa inapokuwa nyuzi 0, kwa hiyo asubuhi za Januari tayari unaendesha tairi laini kuliko unavyodhani. Pima nje, tairi ikiwa imepoa, ndipo uamue ni kiasi gani cha kutoa.

Dada wa Ménilmontant alijibu:

Na ukishabadilisha upepo, rudia lile jaribio la breki mahali patupu kabla ya kuushusha ugumu tena. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua ni kipi kilicholeta tofauti.