Naomba ushauri: kadi ya kulipia kabla kwa manunuzi ya mtandaoni

Wadau wa Nairobi, naombeni ushauri. Nataka maduka ya mtandaoni yasiione kabisa kadi ya akaunti ya mshahara. Najua kadi ya kulipia kabla haikufichi kwa benki: kitambulisho kinatakiwa, na kuijaza kwa M-Pesa kunaacha rekodi. Hilo sawa, hofu yangu ni namba kuvuja dukani.

Kinachosumbua ni salio. Ukijaza bei kamili tu, malipo hukataliwa, maana ada ya kubadilisha shilingi kuwa dola huja juu yake. Hoteli nazo huzuia sehemu ya salio kama dhamana kwa siku kadhaa. Je, M-Pesa GlobalPay (kadi pepe ya Visa inayotumia salio la M-Pesa) inatosha, au nichukue kadi ya kulipia kabla kutoka benki? Na muda wa kadi ukiisha, pesa za bidhaa iliyorudishwa huingia wapi?