Mrejesho: Mgongo wangu umepata daktari Mwanza

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza pa kutibiwa maumivu sugu ya mgongo baada ya kuhamia Mwanza kutoka Mbeya, maana zahanati niliyoanzia walinichoma diklofenaki, sindano ya kutuliza maumivu, na kuniambia ni mawazo tu.

Mama mmoja wa humu alinishauri nibebe faili langu lote, niombe rufaa ya kwenda Bugando, hospitali kubwa ya rufaa hapa Mwanza. Mama, Mungu akubariki. Daktari alilisoma kwanza, kisha akanilaza chali na kuinua mguu wangu ukiwa umenyooka, taratibu, mpaka maumivu yakashuka kama umeme hadi kisiginoni. "Hapo hapo, eeh?" Nililia, kwa kusadikiwa tu. Akanieleza ni mshipa wa fahamu unaobanwa, na kwamba diklofenaki ya muda mrefu huweza kuumiza tumbo na figo. Kanipa amitriptilini, dozi ndogo usiku. Ni dawa ya sonona, lakini hutuliza pia maumivu ya neva, kwa hiyo msishtuke. Na mazoezi ya fiziotherapia.

Maumivu hayajaisha, ila sasa nakaa kwenye daladala hadi Igoma bila kushukia njiani.

Dada uliyeuliza kuhusu mgonjwa wako wa Sengerema: anzeni hospitali ya wilaya, msije mjini bila barua ya rufaa.