Modi za Minecraft kwenye simu: PojavLauncher, Bedrock au Geyser?

Kipepeo_Tanga (mleta mada): Wakuu, nina simu ya Android yenye RAM ya GB 4, na modi (nyongeza zinazobadilisha mchezo) nilizozizoea kwenye kompyuta ni za toleo la Java, zinazopakiwa na Fabric, programu ya kuziingiza kwenye mchezo. Je, niendeshe toleo hilohilo kwa PojavLauncher, programu inayolifungua kwenye simu, au nihamie Bedrock, toleo la kawaida la simu, na kutafuta viongezo vinavyofanana nazo?

Fundi_Mwenge: Ndugu mleta mada, modi ya Fabric haihamii Bedrock hata ukibadilisha jina la faili. Imeandikwa kwa Java na huingilia msimbo wa mchezo wenyewe, ilhali Bedrock imeandikwa kwa C++, na kiongezo hufika pale tu Mojang, watengenezaji wa mchezo, waliporuhusu, kwa faili za JSON (maandishi ya mipangilio) na skripti za JavaScript. Kwa hiyo unachokiona kikiitwa "toleo la Bedrock" la modi uipendayo ni kazi iliyoandikwa upya, mara nyingi na mtu mwingine kabisa.

Bi_Redstone: Mimi hutumia Pojav, kwa akaunti niliyoinunua. Modi nyingi za Fabric hufunguka bila kuguswa, mradi Java iliyomo kwenye simu ilingane na toleo la mchezo: Minecraft 1.16.5 hutosheka na Java 8, 1.18 hutaka 17, na 1.20.5 hutaka 21. Zinazokwama ni zile zilizobeba maktaba za kichakato cha kompyuta, kwa kuwa simu hutumia ARM, aina nyingine ya kichakato. Michoro nayo kwa kawaida hutafsiriwa kutoka OpenGL, mfumo wa michoro wa kompyuta, kwenda OpenGL ES ya simu, na hapo ndipo simu yangu, yenye RAM kama yako, huwa pasi ya mkaa.

Fundi_Mwenge: Na vidole vyako vinaziba nusu ya kioo.

Bi_Redstone: Hilo sibishi.

Baharia77: Mmeisahau njia ya tatu. Ukiacha modi kwenye seva ya Java na kuweka Geyser, kitafsiri kati ya Bedrock na seva ya Java, simu yenye Bedrock ya kawaida huingia bila kupakiwa chochote. Inafaa kwa modi zinazobadilisha kanuni za mchezo, kama vile uzalishaji wa wanyama au ulinzi wa viwanja. Inayoongeza tofali au mashine mpya haitapita yenyewe, kwa sababu Bedrock haina umbo la kuionyesha.

Kipepeo_Tanga: Nimezikagua. Nne kati ya sita ni za kanuni tu, nazo nitaziweka kwenye seva ya nyumbani. Mbili za mashine nitazijaribu kwa Pojav, umbali wa kuona ukiwa mdogo.